Metali za Bei Nafuu katika Usanisi wa Dawa

Dawa nyingi zinazouzwa madukani ni molekuli za kaboni zilizojengwa hatua kwa hatua, na kazi hiyo ya kuunda molekuli kubwa kutokana na ndogo, iitwayo usanisi, hutegemea sana vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kikemia bila vyenyewe kuisha. Kwa muda mrefu vichocheo vilivyoaminiwa viwandani vimetokana na metali adimu, hasa rodiamu, platinamu na paladiamu, ambazo sehemu kubwa yake huchimbwa Afrika Kusini na Urusi na ambazo bei yake ni ghali na haitulii. Chuma, kinyume chake, ni takriban asilimia 5 ya gamba la dunia.

Kilichozuia chuma na jamaa yake kobalti kushika nafasi hiyo ni tabia ya elektroni zao. Rodiamu kwa kawaida hupokea na kutoa elektroni mbili kwa pamoja, hivyo mmenyuko hufuata njia inayotabirika, ilhali chuma na kobalti huelekea kubadilishana elektroni moja moja, na matokeo yake huzuka vipande vya molekuli visivyotulia ambavyo huungana ovyo na chochote kilicho karibu. Wanakemia hudhibiti tabia hiyo kwa ligandi, yaani molekuli inayoishika atomu ya metali na kuizingira, ikaamua ni nini kiifikie na kutoka upande gani. Metali pamoja na ligandi zake huitwa kampaundi changamano.

Mfano ulio bora ni wa levetirasetamu, dawa ya kifafa. Molekuli yake ina maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, lakini ni umbo moja tu linalotuliza degedege ipasavyo, kwa hiyo hidrojeni inapoongezwa katika usanisi wake lazima iingie upande mmoja tu. Mwaka 2018 Paul Chirik wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na wenzake, wakishirikiana na wanakemia wa kampuni ya Merck, walionyesha kwamba kobalti yaweza kuifanya kazi hiyo: waliipa elektroni moja kutoka kwa zinki, wakaifanyisha kazi ndani ya methanoli, alkoholi sahili isiyo na klorini, na atomu moja ya kobalti ikatosha kwa molekuli zipatazo 1,250. Tabia iliyohesabiwa kuwa kasoro ndiyo iliyotumika kukiamsha kichocheo.

Unafuu wa metali, hata hivyo, hautoshi kuuita usanisi kuwa rafiki wa mazingira. Ligandi huweza kugharimu kuliko metali yenyewe, na viyeyushi, yaani vimiminika ambamo mmenyuko hufanyika, ndivyo mara nyingi huzalisha taka nyingi zaidi kiwandani. Kobalti nayo, ambayo zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huwafikia wanakemia ikiwa imepitia migodi ya Kolwezi na kwingineko, ambako wachimbaji wadogo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, huingia mashimoni bila kinga ya kutosha, na gharama hiyo haistahili kuachwa nje ya hesabu. Kwa sababu hiyo chuma, kilicho kingi zaidi na ambacho mabaki yake ndani ya dawa hayana sumu kali, kinastahili kupewa kipaumbele katika utafiti, ingawa hadi sasa bado hakijaweza kuchukua nafasi ya paladiamu katika hatua nyingi za kuunganisha kaboni na kaboni.