Wanafunzi wa Udaktari Wakibisha Hodi, Mbona Wanaulizia Mbuzi?

 

Leo tuzungumze juu ya wageni ambao huenda siku moja wakafika kwako: wanafunzi wanaosomea udaktari. Mara nyingi hawaji peke yao. Utamwona mwanafunzi wa uuguzi, wa lishe, wa afya ya umma, pengine na bwana mifugo pia. Mmoja anampima mtoto mkono kwa utepe, mwingine anataka kuona kisima na choo, wa tatu anauliza kama kuna mbuzi waliotupa mimba. Hapo mama hushangaa: hawa ni madaktari wa watu ama wa mbuzi? Ni swali zuri, na jibu lake liko hapa hapa Tana River.

Wengi wenu mnakumbuka mvua za mwisho wa mwaka 2006. Baada ya mafuriko ilizuka Homa ya Bonde la Ufa. Ilianza kusikika upande wa Garissa, kisha ikafika Tana River, Kilifi, hata Baringo. Kufikia Machi 2007, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 katika Kenya, na 155 kati yao walifariki.

Ugonjwa huu si mpya. Virusi vyake viligunduliwa mwaka 1931 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Mbu hutaga mayai penye mabonde ya maji, na mayai mengine huwa na virusi tayari. Maji yakikauka, mayai hukaa udongoni miaka kadhaa bila kufa. Mvua kubwa ikija na bonde likijaa, yanaanguliwa kwa wingi. Mbu hao huuma mifugo kwanza. Ndipo unaona kondoo, mbuzi na ng'ombe wanatupa mimba karibu wote kwa wakati mmoja, na vitoto vyao vinakufa.

Kutoka kwa mnyama, ugonjwa humfikia mtu hasa kwa kugusa damu, nyama mbichi au mimba iliyotupwa. Mbu pia huambukiza, na maziwa mabichi ni hatari. Hapa niseme wazi jambo ambalo huwa tunalizunguka: mnyama akianza kuumwa, watu huharakisha kumchinja asije akafa akawa mzoga. Nafahamu sababu yake. Lakini katika ugonjwa huu, anayechinja na anayechuna ndio walio hatarini zaidi.

Sasa tazama mambo yalivyogawanyika. Mgonjwa anafika hospitali ya Hola au Ngao na homa, kichwa na mgongo vinamuuma. Daktari anafikiria malaria. Asipouliza, hatajua kwamba wiki iliyopita mbuzi wa nyumba hiyo walitupa mimba. Bwana mifugo ameona mimba zilizotupwa, lakini hajui nani amelala ndani na homa. Kila mmoja ana kipande chake. Wewe mama unayekamua asubuhi na kumkanda mgonjwa usiku ndiye unayevijua vyote viwili, na mara nyingi ndiye asiyeulizwa.

Mwaka 2011 Serikali iliunda kitengo ambamo daktari wa binadamu na daktari wa mifugo wanafanya kazi pamoja. Ni jambo jema, ila ofisi iko Nairobi na mbuzi wako Garsen. Ndiyo maana ni lazima daktari ajifunze kuuliza angali mwanafunzi. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza hivyo tangu 1990, kwa mpango unaoitwa COBES: mwanafunzi hafundishwi wodini tu, hupelekwa mashambani akaishi karibu na watu. Kwa maoni yangu, daktari aliyewahi kuketi mkekani kwa mama akamsikiliza haharakishi kuandika dawa.

Wakija kwako, uliza wanatoka chuo gani na msimamizi wao ni nani. Wanapaswa kufuatana na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu na kuwa wamepitia kwa chifu. Una haki ya kukataa swali, au kukataa mtoto asipimwe, na usinyimwe huduma kwa sababu hiyo. Utepe wa mkono ukifika pekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, usikubali waandike tu na kuondoka; wakuelekeze mahali pa kumpeleka mtoto siku hiyo hiyo. Na kabla hawajaondoka kijijini, waambieni warudi barazani waeleze walichokiona. Si haki kuchukua habari za watu na kwenda nazo moja kwa moja.

Lakini usingoje wanafunzi. Mbuzi wawili watatu wakitupa mimba baada ya mvua kubwa, mpe habari bwana mifugo na pia zahanati. Waambie vijana wa machungani wasiguse mimba hizo kwa mikono mitupu. Chemsha maziwa hadi yafure. Wote mlale ndani ya neti.

Wengi wanaoambukizwa hupata homa ya siku chache na kupona. Anayetokwa na damu puani au kwenye fizi, anayegeuka macho manjano, anayeona ukungu au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Ukifika, usiseme "ana homa" ukanyamaza. Mwambie muuguzi wa zamu, "Ana homa, na nyumbani mbuzi wametupa mimba." Asipoandika, rudia.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya maji ya kunywa wakati mto umefurika. Kwaherini.