Injini Hupiga Kelele Hata Ikivuta Pumzi

Majirani wakimlalamikia mwenye kisiagi kwamba injini yake inawanyima usingizi, yeye hukimbilia ekzosi. Atanunua sailensa nyingine, au atachimba shimo na kulielekeza bomba la moshi humo. Kelele itapungua, ila si kama alivyotarajia, kwa sababu injini ina matundu mawili ya kelele: linalotoa moshi na linalovuta hewa. Hili la pili hakuna anayelikumbuka.

Huku Marani, Kaunti ya Kisii, jambo hili si dogo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kaunti hii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba. Boma hupakana na boma kutoka mlimani hadi bondeni, na mahindi na wimbi husagwa karibu na vyumba vya kulala. Stima imepunguza injini za dizeli lakini haijazimaliza. Ikipotea, jenereta huanza kunguruma.

Injini ya silinda moja ya aina ya Lister, inayozunguka mara 650 kwa dakika, huvuta hewa mara 325 katika dakika hiyo, yaani zaidi ya mara tano kila sekunde. Vali ikifunguka, pistoni hufyonza kwa nguvu, hewa iliyo bombani ikatikisika, na mtikisiko huo ukatokea kwenye mdomo wa bomba. Huo ni mngurumo mzito, na ukuta wa mabati hauuzuii.

Mitambo mikubwa ina sauti nyingine. Kule Muhoroni, Kaunti ya Kisumu, kampuni ya umeme ya KenGen ina turbaini za gesi zilizohamishwa kutoka Embakasi mwaka 2016. Turbaini huvuta hewa mfululizo, huku mapanga ya kompresa yakiikatakata. Safu ya mapanga 30 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mlio wa mitikisiko 1,500 kwa sekunde, na mlio wa namna hiyo sikio la binadamu huunasa upesi sana.

Mlio mkali hutibiwa kwa kuipitisha hewa katikati ya vibao vilivyojazwa pamba ya mawe na kufunikwa kwa bati lenye vitundu vingi. Sauti hupenya kwenye nyuzi hizo na kugeuka joto kidogo. Mngurumo mzito hauwezwi na pamba, kwani wimbi la mitikisiko 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita saba. Dawa yake ni chemba: bomba linaloingia katika sanduku pana la chuma, kisha linatoka upande wa pili. Panapopanuka ghafla, sehemu kubwa ya sauti hurudishwa ilikotoka, huku hewa ikiendelea na safari yake.

Kosa kubwa ni kuibana injini. Bomba jembamba au chujio lililoziba kwa unga huikosesha hewa. Dizeli haiungui yote, moshi unakuwa mweusi, nguvu zinapungua, na gharama ya mafuta inapanda. Turbaini nayo ikikwamishwa mlangoni huzalisha umeme mdogo. Kwa hiyo chemba iwe kubwa, bomba lisiwe jembamba kuliko tundu la injini, chujio lisafishwe, na mdomo uelekezwe kusiko na nyumba.

Sheria ipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinaruhusu nje ya makazi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Zile za viwandani za mwaka 2005 hazimruhusu mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane. Desibeli 10 zikiongezeka, nishati ya sauti huwa mara kumi. Anayeumia kwanza ni msagaji mwenyewe, anayesimama hapo kutwa bila kinga ya masikio.

Anayekagua kisiagi kabla ya leseni kutolewa asiulize tu moshi unatokea wapi. Aulize pia hewa inaingilia wapi, maana ugomvi mwingi wa majirani ungemalizikia hapo bila kufikishwa kwa chifu.