Fahamu: Wahafidhina wa Uingereza na ndoa ya jinsia moja
Mwaka 1988 serikali ya Margaret Thatcher ilipitisha Kifungu cha 28, kilichozikataza serikali za mitaa kuutangaza ushoga. Naye, ajabu ya mambo, ndiye yule yule ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa Wahafidhina wachache walioafiki kwamba tendo hilo baina ya wanaume wazima, faraghani na kwa ridhaa yao, lisihesabiwe jinai.

David Cameron, aliyekiombea radhi kifungu hicho mwaka 2009, aliuhutubia, akiwa waziri mkuu, mkutano wa chama chake cha Wahafidhina mjini Manchester mwaka 2011, akanena kuwa anaiunga mkono ndoa ya jinsia moja kwa sababu yeye ni Mhafidhina, wala si licha ya Uhafidhina wake: kwani, kwa hoja yake, ambayo naiona ina werevu kuliko ilivyodhaniwa, ahadi za watu wao kwa wao ndizo zinazoipa jamii nguvu, na aithaminiye ndoa hana budi kuipanua. Wenziwe wengi hawakusadiki. Februari 2013 mswada wa kuihalalisha ndoa hiyo ulipata bungeni kura 400 dhidi ya 175, lakini wabunge wa chama chake mwenyewe walioukataa walikuwa wengi kuliko walioukubali, ukavushwa kwa kura za chama cha Leba na za washirika wa Cameron serikalini.