Baada ya kupunguzwa tumbo: Chakula, vidonge na swaumu

ILIKUWA siku ya tisa ya mwezi wa Ramadhani, baada ya swala ya Alasiri. Nilikuwa katika ofisi ya msikiti nikipanga orodha ya michango ya futari, mara kijana mmoja akaja mbio kuniarifu kwamba kuna mama ameanguka kwenye sehemu ya kutawadhia ya wanawake. Nilipofika, kina mama walikuwa wamekwisha mtoa na kumlaza kivulini. Alikuwa ni dada yangu wa tumbo moja, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka saba.

Miezi sita kabla ya siku ile alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Na siku mbili kabla ya mwezi kuandama aliniuliza, “Mdogo wangu, wewe umesoma. Mimi nifunge au nisifunge?” Nikamjibu papo hapo kwamba mtu anayepika, anayetembea na kwenda sokoni kwa miguu yake hana udhuru. Sikumuuliza daktari wake amesema nini, wala sikumuuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Jibu lile ndilo linalonisukuma kuandika makala haya, kwa idhini yake, ili familia nyingine zisirudie kosa langu.

Upasuaji wenyewe ni nini

Watu wengi hudhani kwamba mtu aliyefanyiwa upasuaji huu ametolewa mafuta. Sivyo. Daktari hutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo la chakula ikawa kijifuko cha ujazo wa mililita 30 hivi, yaani kama vijiko viwili vya chakula. Kisha huukata utumbo mwembamba na kuuleta kuungana na kijifuko hicho. Tangu hapo chakula hakipiti tena katika tumbo kubwa la zamani wala katika sehemu ya mwanzo ya utumbo. Tumbo la zamani halitolewi. Linabaki mahali pake, na maji yake ya kusagia chakula huungana na chakula huko chini.

Asili ya tiba hii ni Marekani katika miaka ya 1960, ambako Dkt. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alizingatia kwamba wagonjwa wa vidonda waliokatwa sehemu ya tumbo walikuwa wakipungua uzito na kubaki hivyo. Leo upasuaji huo hufanywa zaidi kwa matundu madogo na kamera, bila kupasua tumbo zima.

Faida yake haitokani na udogo wa kijifuko peke yake. Homoni zinazoleta njaa na shibe nazo hubadilika, na ndiyo maana wagonjwa wengi wa kisukari huona sukari ikishuka hata kabla uzito haujapungua sana. Dada yangu alikuwa na kilo 124 kwa kimo cha mita 1.60, akiwa na kisukari na maumivu ya magoti yaliyomfanya aswali akiwa amekaa kwenye kiti. Hakwenda kupasuliwa kwa ajili ya urembo, kama baadhi yetu tulivyosema nyuma ya mgongo wake.

Uzito unavyopungua

Katika mwezi wa kwanza alipungua kilo 10. Mwezi wa tatu zilikuwa zimeondoka kilo 22, wa sita 32, na mwaka ulipotimia alikuwa amepungua kilo 41, akabaki na kilo 83. Huo ndio mwendo wa kawaida: kasi kubwa mwanzoni, kisha polepole, na kwa kawaida mwili hufika kikomo cha kupungua kati ya mwaka mmoja na miaka miwili. Wengi hupoteza kiasi cha robo hadi theluthi ya uzito wote waliokuwa nao.

Yapo mambo mawili ambayo hatukuambiwa mapema, na yalimsumbua sana. La kwanza, zipo wiki ambazo mizani haisogei kabisa. Wiki ya tano alilia, akidhani upasuaji umeharibika. Kumbe ni jambo linalowapata karibu wote, na hupita lenyewe. La pili, kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele zilianza kung’oka kwa mafungu. Hilo nalo ni jambo la kawaida mwili unapopungua kwa kasi, na nywele huota tena, ila hali huwa mbaya zaidi kwa asiyekula protini ya kutosha au mwenye upungufu wa madini ya chuma.

Sufuria moja, sahani tofauti

Siku za mwanzo chakula ni maji na supu iliyochujwa, kwa kumumunya. Kwa muda wa wiki mbili hivi huendelea vitu vya majimaji, kama maziwa na mtindi mwepesi. Baadaye ni vyakula vilivyosagwa, kisha vilaini, mpaka kufikia wiki ya nane hivi ndipo mtu anapoanza kurudi kwenye chakula cha kawaida, akiongozwa na daktari wake.

Kanuni kubwa ni kuanza na protini. Kiwango kinachoshauriwa ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na kwa tumbo la vijiko viwili hiyo si kazi ndogo. Yai moja lina gramu 6 hivi. Glasi ya maziwa ina gramu 8. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina gramu 20 hivi, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15. Basi samaki, mayai, kuku, mtindi, choroko na dengu huliwa kwanza. Mboga kama mchicha na matembele hufuata. Wali, ugali na chapati huja mwisho, iwapo nafasi imebaki. Nyumbani kwetu, ambako wali ndio huitwa chakula na vingine vyote huitwa mboga, mpango huo ulikuwa mapinduzi.

Kanuni ya pili ni kutafuna sana na kula polepole, dakika 20 hadi 30 kwa mlo mdogo. Anayemeza tonge kama zamani hubanwa kifua na kutapika. Kanuni ya tatu ni kutochanganya chakula na kinywaji: maji husubiri nusu saa baada ya mlo, kisha hunywewa kwa mafunda madogo mchana kutwa, mpaka kufikia lita moja na nusu au zaidi.

Kanuni ya nne ni kujihadhari na sukari. Kwa kuwa kijifuko hakizuii chakula kama tumbo kamili, kitu kitamu huingia utumboni kwa ghafula. Moyo hudunda, jasho humtoka mtu, kichwa huzunguka, tumbo hukata na kuharisha. Dada yangu alilijua hilo kwa kaimati mbili alizolazimishwa kula harusini. Alikaa chooni saa nzima, wenyeji wakadhani wamemlisha chakula kibovu.

Vidonge visivyo na likizo

Hapa ndipo wengi hupotea, na dada yangu alipotea. Sehemu ya utumbo inayorukwa ndiyo hasa inayofyonza madini ya chuma na chokaa. Nayo vitamini B12 huhitaji usaidizi wa maji ya tumbo kubwa, ambalo chakula hakipiti tena. Kwa hiyo hata mtu ale vizuri namna gani, chakula peke yake hakimtoshi. Atahitaji vidonge vya vitamini mchanganyiko, madini ya chuma, chokaa pamoja na vitamini D, na B12 ya vidonge au ya sindano, si kwa miezi bali kwa umri wake wote.

Chuma na chokaa havimezwi pamoja, kwa kuwa kimoja humzuia mwenzake. Hutenganishwa kwa saa mbili angalau. Chai nayo huzuia chuma, basi kidonge hicho kisimezwe pamoja na chai ya asubuhi. Damu hupimwa mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Anayepuuza hupungukiwa damu, mifupa yake hudhoofika, na ukosefu wa B12 ukikaa muda mrefu huharibu neva, ganzi ya miguu ikawa ya kudumu. Na anayetapika mara kwa mara arudi hospitali upesi, maana vitamini B1 inaweza kuisha mwilini ndani ya wiki chache na kudhuru ubongo.

Dada yangu aliacha vidonge mwezi wa nne kwa sababu mbili. Moja ni kwamba alijiona amepona. Ya pili ni kwamba jirani alimwambia maganda ya vidonge yametengenezwa kwa nguruwe. Shaka hiyo ina msingi, kwani baadhi ya maganda laini hutokana na jelatini ya mnyama huyo. Lakini dawa ya shaka ni kuuliza. Tulipomwendea mfamasia alitupatia vidonge vikavu visivyo na ganda, na vingine vya kutafuna. Swali la dakika tano lingemwepusha na miezi miwili ya kukosa virutubisho.

Jambo jingine la kujua ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo tunazinunua dukani kama peremende, zinaweza kutoboa vidonda pale utumbo ulipoungwa. Aliyefanyiwa upasuaji huu amwambie hivyo kila daktari na kila mwuza dawa. Na wanawake wenye kutarajia uzazi hushauriwa wasubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba.

Swali la funga

Narudi siku ile ya tisa. Hospitalini walimkuta amekauka maji, figo zimeanza kulemewa, na damu imepungua. Daktari alituuliza hesabu nyepesi: kutoka Magharibi hadi Alfajiri ni saa kumi na kitu, ukiondoa saa za kulala, za Tarawehe na zile nusu saa za kusubiri baada ya kila mlo, tumbo la vijiko viwili litapata wapi nafasi ya lita moja na nusu za maji na gramu 60 za protini? Sikuwa na jibu. Na futari yetu ya magimbi, muhogo wa nazi, tambi na juisi tamu ilikuwa inampa sukari na wanga, si kile alichokihitaji.

Alilazwa siku tano. Jioni ya siku ya pili nilimwendea imamu wetu, nikamweleza nilivyomjibu dada. Hakunikemea. Aliniuliza tu kama nimesahau kwamba aya za Suratul Baqara zinazofaradhisha swaumu ndizo hizo hizo zinazomruhusu mgonjwa kula na kuzihesabu siku nyingine. Akasema ugonjwa si lazima uonekane kwa macho. Anayeujua ni mwenye mwili na daktari mwaminifu mwenye kuijua fani yake, na mwanafunzi wa dini kabla hajajibu hana budi kumsikiliza huyo. Nilirudi wodini nikamwomba dada radhi. Akasema, “Mimi nilikuuliza wewe kwa sababu nilitaka uniambie nifunge. Daktari alikwisha nikataza.” Alikuwa akiona aibu kunywa maji mchana mbele ya wanawe.

Madaktari wengi hushauri mtu asifunge katika mwaka wa kwanza baada ya upasuaji, na baada ya hapo apimwe kwanza. Dada yangu alipotimiza mwaka, damu ikawa nzuri, aliruhusiwa kulipa siku zake moja moja, kwa kuziachanisha, akazimaliza kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Ramadhani hiyo aliifunga. Aliftari kwa tende moja tu na maji kidogo kidogo, kisha samaki au mayai, akala tena baada ya Tarawehe, na daku hakuiacha hata siku moja. Vidonge aliviandikia saa zake katika karatasi iliyobandikwa kwenye jokofu. Mwenye kutumia dawa za kisukari naye asijipangie mwenyewe. Dozi zake hubadilishwa na daktari.

Sisi tulio karibu naye

Mzigo mwingine hautibiwi na dawa. Alipopungua, walizuka waliosema ana ugonjwa wa siri. Shughulini alisukumiwa sahani ya pilau na kuambiwa anaringa. Mashangazi walisema chakula cha watu hakikataliwi. Tumejifunza kumpakulia kwenye kisahani cha chai, nyama kwanza, wala hatuhesabu alivyobakisha. Sote tunaikariri ile hadithi iliyopokewa na Tirmidhi juu ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi, kisha tunamcheka mwenzetu anayekula kidogo!

Upasuaji huu si mkato wala si muujiza. Sasa ni mwaka wa tatu, na kilo nne zimerudi, jambo ambalo daktari alitutahadharisha kwamba huwapata wengi. Dada anatembea kila baada ya Alfajiri, na dawa za kisukari ameondolewa na daktari ingawa vipimo vinaendelea. Kile kiti alichokuwa akiswalia kimerudishwa stoo ya msikiti. Mimi mwenyewe ndiye niliyekipokea na kukiandika katika daftari la mali.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko aliyepita njia hii, muulize leo kama amemeza vidonge vyake na kama amekunywa maji. Na akikuuliza kuhusu swaumu, usifanye haraka kama nilivyofanya mimi.

Wabillahi tawfiq.

Mwandishi wa makala haya ni katibu wa kamati ya msikiti.