Ziwa Tanganyika: Nguo nyembamba chini ya vazi la kuzamia inasaidia nini?

Kutoka Mutarule, katika bonde la Ruzizi, hadi bandari ya Kalundu mjini Uvira, watu wengi wanaingia majini na nguo waliyo nayo mwilini: triko ya pamba na kaptula. Kwa kuoga au kunasua wavu karibu na ufuko, hiyo inatosha. Kwa mtu anayeshuka na chupa ya hewa mgongoni na kukaa chini dakika 40, haitoshi. Huyo anahitaji vazi la mpira, na wazamiaji wengi wanavaa chini yake nguo nyingine nyembamba inayobana mwili. Wengi wanadhani kazi yake ni kuleta joto. Kwa kweli, joto ndiyo faida yake ndogo kuliko zote.

Kuzamia si jambo geni kwenye ziwa hili. Katika miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akifanya kazi upande wa Burundi, akikamata samaki wa rangi wa miambani kwa ajili ya kuwauza ng'ambo. Kitabu chake kikubwa juu ya samaki wa Tanganyika kilitoka mwaka 1989. Samaki hao, ambao wengi hawapatikani popote pengine duniani, wangali wanaleta wazamiaji na watafiti hadi leo.

Maji ya vuguvugu, lakini yanachukua joto

Tanganyika si ziwa la baridi. Juu, maji yake yana digri 24 hadi 28 hivi kulingana na majira. Hata chini kabisa, kwenye kina cha mita 1.470, yanabaki kwenye digri 23 na kidogo. Lakini mwili wa mtu una digri 37, na maji yanachukua joto la mwili karibu mara 25 haraka kuliko hewa. Ndiyo maana mzamiaji anaanza akijisikia vizuri na kumaliza akitetemeka, zaidi sana kati ya mwezi wa tano na wa tisa, wakati upepo wa kusini unamkuta juu ya mtumbwi akiwa amelowa.

Kutetemeka huko ni hatari. Vidole vinakufa ganzi na hewa ya chupa inaisha haraka. Wakati wa kupanda, mwili wenye baridi unachelewa kutoa naitrojeni ulioipokea kule chini. Ikibaki nyingi, inaweza kufanya mapovu katika damu na viungo, na mapovu hayo yanaweza kumpoozesha mtu. Hapa kwetu hatari inaongezeka, kwa sababu uso wa ziwa uko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi, na barabara ya Bukavu inapanda milima ya Ngomo. Mzamiaji anapaswa kufuata hesabu za kuzamia za mwinuko, si zile za baharini, na asiharakishe kupanda mlima baada ya kutoka majini.

Joto linatoka wapi?

Mwaka 1952, Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California nchini Marekani, alielewa kwamba mzamiaji halazimiki kubaki mkavu ili asisikie baridi. Mpira unaoitwa neopreni una mapovu madogo sana ya gesi ndani yake, na hayo ndiyo yanazuia joto lisitoke. Maji kidogo yanayoingia yanapata joto la mwili na kubaki hapo, mradi vazi limekaa vizuri. Vazi likiwa kubwa, maji yanaingia na kutoka kila mkono unapojongea, na joto linaondoka nayo. Tena, kwenye kina cha mita 10 hivi mgandamizo unakuwa karibu mara mbili ya ule wa juu. Mapovu yanabanwa na vazi linakuwa jembamba.

Nguo nyembamba ya nailoni au Lycra haiwezi kurekebisha hayo. Kazi yake ni nyingine. Kwanza, vazi la mpira linateleza juu yake, na mtu analivaa bila kulipasua. Pili, inakinga shingo na makwapa yasichubuke. Tatu, pale vazi moja linapovaliwa na watu wengi, kila mmoja anakuwa na nguo yake safi karibu na ngozi.

Anayetafuta joto zaidi avae kizibao chembamba cha neopreni, cha milimita 1 au 2. Lakini kizibao hicho kinamfanya aelee zaidi, kwa hiyo apime upya mkanda wake wa vyuma vya risasi. Akumbuke pia kwamba maji ya ziwa hayaelezi mtu kama maji ya chumvi: vyuma alivyozoea kule Zanzibar vitakuwa vingi mno Uvira. Na kama vazi tayari linabana, asiongeze kitu. Kifua na shingo vikibanwa, kupumua kunakuwa kugumu.

Triko ya pamba haifai. Inakunywa maji, inafanya mikunjo, na mikunjo hiyo ikifika shingoni au kwenye mikono inafungulia maji njia. Asiye na nguo ya wazamiaji anaweza kutumia triko ya michezo inayobana, ya mikono mirefu, isiyo ya pamba.

Haizuii kichocho

Wakaaji wa bonde la Ruzizi wanajua ugonjwa wa kichocho, ambao wengi wanauita bilarzia. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa maji na kupenya ngozi. Nguo inapunguza sehemu ya ngozi iliyo wazi, lakini uso, mikono na miguu vinabaki, na maji yanaingia hata ndani ya vazi. Ni afadhali kuingilia majini kutoka mtumbwini, mbali na majani na matete ya ufukoni, kisha kupimwa hospitalini wiki 6 hadi 8 baadaye. Dawa ipo: prazikwanteli, kwa kipimo cha munganga.

Baada ya kutoka, nguo zote mbili zioshwe kwa maji safi na kuanikwa kivulini, kwa sababu jua kali linaharibu mpira. Na anayeanza kutetemeka akiwa bado chini asingojee hewa iishe: amwonyeshe mwenzake ishara, na wapande wote wawili polepole.