Kilango Kisichofungwa: Neva za Mbu na Dawa ya Chandarua

Kate, katika Wilaya ya Nkasi, iko juu ya uwanda wa Ufipa, ambako usiku huwa na baridi. Mkazi wake ateremkapo kwenda mwambao wa Ziwa Tanganyika au bonde la Ziwa Rukwa hukuta joto na mbu wengi, na hulala ndani ya chandarua chenye dawa. Mbu atuapo juu ya nyuzi zake huanza kutetemeka miguu, kisha huanguka. Kilichomwangusha ni umeme wa neva zake mwenyewe.

Seli ya neva, iwe ya mbu au ya mwanadamu, imezungukwa na utando mwembamba. Nje ya utando kuna ioni nyingi za sodiamu. Ndani kuna nyingi za potasiamu. Neva nyingi zinapotulia, umeme wa ndani huwa hasi kwa milivolti 70 hivi ukilinganishwa na wa nje.

Kichocheo kikiwa hafifu, hakuna ishara itokayo. Kikitosha kuupunguza umeme huo hadi milivolti 55 hasi hivi, vilango vya sodiamu katika utando hufunguka kwa wingi. Sodiamu huingia kwa kasi, ndani hugeuka kuwa chanya, na kila sehemu huiamsha ya jirani mpaka ishara ifike mwisho wa neva. Kichocheo kikali hakiikuzi ishara. Huongeza idadi ya ishara katika sekunde moja.

Kufunga ni muhimu sawa na kufungua. Baada ya milisekunde moja hivi vilango hujifunga, potasiamu hutoka nje, na utulivu hurejea. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walieleza mwenendo huo mwaka 1952 kwa kupima neva nene ya ngisi, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Hapo ndipo dawa ya chandarua inapofanya kazi. Permethrini na jamaa zake ziliundwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, zao linalolimwa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Dawa hiyo hukizuia kilango cha sodiamu kisijifunge upesi. Neva hutuma ishara mfululizo, misuli hutetemeka, na mbu hupooza. Vilango vya mwanadamu havishikwi kwa urahisi hivyo, na mwili wake huivunja dawa haraka.

Hata hivyo, mbu wamebadilika. Kilango hicho ni protini yenye asidi amino zipatazo 2,000. Mwaka 2000 watafiti walieleza kuwa baadhi ya mbu wa Kenya wana badiliko la asidi amino moja tu, nalo huipunguzia dawa nguvu. Mbu wengine huivunja dawa kwa vimeng'enya vyao.

Kwa sababu hiyo vyandarua vipya huongezewa kemikali ya pili. Katika majaribio ya Muleba, Kagera, yaliyochapishwa mwaka 2018, kemikali hiyo ilizuia vimeng'enya. Katika yale ya Misungwi, Mwanza, ya mwaka 2022, klorofenapiri iliinyima seli nishati bila kugusa vilango vya neva. Vyote viwili vilipunguza malaria kuliko vyandarua vya dawa moja.

Kwa msafiri wa Kate funzo ni jepesi: achomekee chandarua vizuri na kuziba matundu yake, kwani hata mbu aliyeishinda dawa hawezi kupenya nyuzi nzima.