Adimu kwa Kupendwa

Juu ya meza yangu ipo santuri ndogo ya inchi 7, ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyochapwa Nairobi miaka ya sabini. Jalada lake halipo. Imevishwa bahasha ya kaki. Kwenye lebo, juu ya jina la bendi, mtu ameandika jina lake kwa wino wa buluu, na chini yake neno moja: Tanga. Kwa vipimo vya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, wino huo ni dosari. Unashusha daraja la santuri, na bei pia. Vipimo hivyo vina mantiki huko vilikotungwa, lakini kwa santuri zetu naona vinapotosha.

Santuri huzaliwa kwa hatua. Kwanza sauti huchongwa kwenye sahani laini ya laka. Sahani hiyo hupakwa madini, na madini yakibanduliwa hubeba umbo lake kinyume: palipokuwa na mfereji sasa pana tuta. Kutokana na umbo hilo hupatikana mihuri ya chuma inayogandamiza plastiki ya moto. Mihuri huchoka, hubadilishwa. Na wimbo ukichongwa upya, sauti nayo hubadilika kidogo. Ndiyo maana mkusanyaji makini huinamisha santuri dirishani na kusoma namba zilizokwaruzwa karibu na lebo, pale mfereji unapoishia. Lebo mbili zinaweza kufanana kabisa, lakini namba zile zikatofautisha chapa ya kwanza na ya baadaye. Wapo wanaolipa fedha nyingi kwa chapa za majaribio zenye lebo nyeupe, kwa kuwa zilitoka chache tu.

Santuri za Kiswahili za miaka ya sitini na sabini ni habari nyingine. Nyingi hazikuwa adimu zilipotoka. Zilikuwa bidhaa za kila siku, zikiuzwa madukani River Road, Nairobi, kwa mtu aliyepokea mshahara jana. Ziliadimika kwa kupigwa: baa, harusini, nyumbani Jumapili mchana, zikaazimwa na jirani ambaye naye akamwazima shemeji yake. Sindano nzito ikazisugua, vumbi likafanya yaliyobaki. Kwa hiyo nakala safi isiyo na mkwaruzo mara nyingi ni ya wimbo ambao hakuna aliyeutaka. Wimbo uliopendwa ndio unaotufikia ukikwaruza.

Jiografia nayo ilichangia. Wakati huo Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi za Dar es Salaam, Tanga na Morogoro zilirekodi Radio Tanzania, nyimbo zikabaki kwenye kanda, au zilisafiri hadi Nairobi kulikokuwa na mitambo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa hadi 1983. Atafutaye santuri za kipindi hicho lazima aiweke miaka ile akilini, maana wimbo wa Mtanzania unaweza kuwa umechapwa Nairobi na usiuone kabisa Kariakoo, Dar es Salaam.

Kuna jambo jingine ninalolipenda mno katika santuri hizi ndogo. Upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika chache, na rumba ya Nairobi haikubali kubanwa hivyo. Wimbo ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Mara nyingi maneno huishia upande wa kwanza; magitaa yanapochanganya, lazima uinuke ugeuze. Ukisikiliza nakala nyingi, utaona mara kwa mara upande wa pili umechakaa kuliko wa kwanza. Watu waliruka maneno wakaenda moja kwa moja kwenye dansi! Hakuna kitabu kilichoandika hivyo. Plastiki ndiyo inayosema.

Kubanwa huko kulianza zamani. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodia kampuni ya HMV, upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu, na taarabu iliyozoea kukesha ikalazimika kujikunja. Santuri zile zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu, si plastiki. Zikianguka sakafuni huvunjika kama sahani ya wali.

Kanda mama za kampuni nyingi zimepotea au kuharibika. Anayetaka kutoa upya wimbo wa miaka ya sitini au sabini mara nyingine hana pa kuanzia isipokuwa santuri aliyonayo mtu kabatini. Hapo nakala yenye mikwaruzo inageuka kuwa chanzo chenyewe, nami huumia kuona muuzaji akiitupa kwa sababu lebo imechafuka.

Ya Tanga niliiosha kwa maji vuguvugu na tone la sabuni, nikazungusha kitambaa laini kufuata mfereji, nikiikinga lebo kwa kiganja ili wino usilowe. Upande wa kwanza unasikika vizuri. Wa pili umelika.